Mtu wa Taa na Glavu Yangu Nyekundu

Jumapili, 3 Novemba

Nimenunua viatu! Soli zina meno ya chuma ya kung'ata barafu. Nimevijaribu ndani ya nyumba, nikakwaruza sakafu ya jikoni. Potelea mbali sakafu.

Ahadi yangu naiandika hapa ili baadaye nisijifanye nimesahau: nitakimbia kila asubuhi kabla ya kazi mpaka barafu itoke ziwani. Si kwenye mashine ya ukumbi wa mazoezi. Nje! Mwaka jana Januari ilinilaza kwenye kochi. Giza dirishani, giza kichwani, simu inalia nami naitazama tu. Mpaka Sirkku, mwenzangu wa saluni, akaja kunitoa na blanketi langu na kunipeleka akanioshe nywele. Mimi, Hilkka, ninayeishi kwa kukata watu nywele! Zangu zilikuwa zimeshikana kama sufu ya kondoo. Sirudi kule. Sirudi!

Jumatano, 13 Novemba

Mvua imechanganyika na theluji. Soksi chepechepe. Niliamka shingo upande, nikarudi nacheka peke yangu kwenye ngazi. Jirani wa chini alisubiri nyuma ya mlango wake mpaka nipite ndipo akatoka. Ustaarabu huo, hakuna aliyelazimika kuongea.

Halafu kuna jambo. Kabla sijatoka nilikuwa jikoni na kahawa, nje giza totoro, nikaona taa ng'ambo ya ghuba. Inakwenda kandokando ya maji, inarukaruka. Mtu anakimbia, taa kichwani! Kumbe mwendawazimu si mimi peke yangu. Nikavaa viatu mbiombio. Tukapishana kwenye ile kona ya mti mweupe. Mwanamume, mrefu, ndevu zinachuruzika maji. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Safi kabisa.

Alhamisi, 28 Novemba

Leo nimecheka hadi mbavu zinauma.

Yeye anazunguka ghuba huku, mimi kule, tunakutana kila siku palepale mtini. Nikaanza kumhurumia. Mkipishana mara zote hizo, mwishowe mtu analazimika kusalimu, na yeye hakuja ziwani kusumbuliwa. Basi jana nikageuza njia, tukimbie upande mmoja tusionane. Nafika gati la kufulia mazulia — taa hiyo, inanijia uso kwa uso! Naye amegeuza! Naye alitaka kunipumzisha mimi!

Leo nikarudia njia ya zamani, ili nimwachie hiyo mpya. Nafika mtini. Nani yule? Tulipishana tukiangalia viatu vyetu, na naapa mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Nimemsimulia Sirkku saluni, mkasi ukamponyoka. "Shoga, nyinyi mtaoana kwa kukwepana." Nikamwambia aache upuuzi. Bibi aliyekuwa chini ya drai akachomoa kichwa: "Ana pete?" Glavu, bibi! Watu wamevaa glavu!

Jumanne, 17 Desemba

Glavu imepotea. Ile nyekundu ya kushoto, kazi ya mikono ya mama. Nimekimbia nusu ya njia mkono mfukoni, nimeinama upande kama bata.

Jumatano, 18 Desemba

Ipo mtini! Imevikwa kwenye kitawi, usawa wa macho, kama kila kitu kinachookotwa njiani. Najua, mtu yeyote angeiokota na kuichomeka pale. Lakini mtu yeyote asingeikung'uta theluji vizuri hivi, na asingekivuta kile kidole gumba kisimame. Gumba juu, Hilkka!

Leo wateja wawili wameondoka na nywele fupi kuliko walivyoomba. Wanisamehe.

Jumatatu, 6 Januari

Sikukuu, saluni imefungwa. Baridi digrii ishirini chini ya sifuri, kope zinanatana. Na mimi nina joto mpaka masikioni!

Jana niliiacha glavu mtini makusudi. Sina haya. Ndani nilitia peremende nyeusi za chumvi. Leo nimekuta peremende hazipo, na mahali pake kipande cha mkate wa samaki kimefungwa kwenye karatasi ya fedha, kimeganda kama tofali. Nikakiweka juu ya mawe ya moto ya sauna, chumba chetu cha mvuke, nikakila nimekaa kule kwenye ubao wa juu, jasho linanitoka, nacheka peke yangu. Mtamu! Kapika mwenyewe? Sirkku kwenye simu anasema hilo ndilo swali la kwanza kumwuliza, la pili ni jina lake.

"Bado mapema," nikamwambia.

"Miezi miwili, Hilkka! Wengine hapo wameshachagua jina la mtoto!"

Asijali, tunasonga mbele. Leo aliinua kidole kimoja tulipopishana. Kidole kizima!

Jumamosi, 18 Januari

Hakuna taa. Nilisimama dirishani mpaka kahawa ikapoa. Nikakimbia hadi gati, nikageuza.

Jumapili, 19 Januari

Hakuna. Glavu niliyomwachia tena ipo mtini, peremende zilezile ndani. Nimeichukua nikarudi nayo nyumbani.

Jumanne, 21 Januari

Sikutoka. Viatu vipo mlangoni.

Jumatano, 22 Januari

Sikutoka tena. Saluni nimedanganya kuwa kifua kinabana. Jioni simu ikalia nami kochini, nikaitazama. Inalia, naitazama. Hapo nikaijua ile hali. Ndiyo ileile, imekuja na blanketi lake! Nimeogopa, nimeogopa kweli. Nikaipokea kabla haijakata.

Sirkku hakunibembeleza. "Ulimwahidi nani, yule mtu au wewe mwenyewe?"

Nikalisukuma blanketi pembeni.

"Basi kesho unavaa viatu. La sivyo nakuja na shampuu."

Alhamisi, 23 Januari

Nimetoka! Digrii ishirini na saba chini. Ng'ambo giza, taa hamna, nikajikaza kisabuni. Mpaka kwenye gati nililia kidogo, machozi yakaganda shavuni. Baada ya gati damu ikachemka. Theluji inalia kwi-kwi chini ya meno ya viatu, nyota zimejaa, ziwa lote jeupe, na hakuna anayenitazama. Nikaanza kuimba. Wimbo wa Krismasi, mwisho wa Januari, kwa sauti yangu hii mbovu! Nilikuwa na furaha, na haikuwa ya mtu mwingine. Ilikuwa yangu.

Nafika mtini. Gizani kuna mtu.

Amekaa kwenye kile kiti cha kuteleza ambacho mabibi husukuma kwa mguu wakienda dukani. Mguu mmoja umefungwa plasta ngumu hadi gotini, soksi kubwa ya sufu imevutwa juu ya vidole. Taa ameizima ili asinimulike macho. Wimbo wote kausikia!

"Habari za asubuhi," akasema. Sauti nzito, ya chini. "Nilianguka kwenye barafu, Ijumaa. Nikaona si vizuri... kupotea tu hivi, bila kusema."

Na mimi, ambaye mdomo haufungi tangu asubuhi hadi jioni, ninayewajua wajukuu wa mji mzima kwa majina — kimya. Hata neno moja! Nikainua gumba. Kisha nikaiambia miguu niponye, nikatimua mbio kama mwizi.

"Gumba?" Sirkku alifoka mbele ya wateja. "Mtu kajikokota kwa mguu mmoja kwenye baridi ile, wewe unampa gumba?"

Nimetia mpira kwapani. Nilikosea.

Ijumaa, 24 Januari

Digrii ishirini na tisa. Taa ipo!

Ipo mtini, lakini haitembei. Anayekimbia hagandi, sasa yule kakaa! Kahawa yote nimeimimina kwenye themosi. Leo nasema. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: Naitwa Hilkka, kesho ni zamu yangu ya sauna ya jengo... hapana, plasta, tena haraka mno. Naitwa Hilkka. Inatosha. Na mkate kapika nani?

Glavu hii hapa. Ya pili iko wapi?

Taa imezimika. Imewaka. Imezimika, imewaka. Ananiona dirishani! Nimezima ya jikoni, nimewasha. Jirani wa chini ataita polisi. Naye amejibu tena! Naandika nimesimama, kiatu kimoja mguuni, meno yanaichana sakafu, na kamba ya hiki cha pili imejifunga fundo, subiri, nakuja, usigande