Mchele Chini ya Mkia

Jumanne, baada ya mnada

Na tumbo lile nililisifia mwenyewe! Nikasema Simba wetu, mbwa mdogo vile, kweli ameshiba.

Jana nikaona punje za mchele zimemganda chini ya mkia. Nikajiuliza, mchele kaula wapi? Sisi tangu Krismasi ni ugali tu. Mara punje moja ikajivuta.

Leo nimemfuata bwana mifugo mnadani. Akacheka. "Mama Neema, hiyo ni minyoo ya tegu. Mkichinja mbuzi mnamtupia matumbo mabichi, siyo?"

Anayemtupia ni mimi.

Zamani angenipa dawa mwenyewe, siku hizi anakutuma dukani. Kidonge nimekificha kwenye tonge, Simba kameza. Lakini moyo wangu haujatulia, maana bwana mifugo kasema mayai ya minyoo hiyo mtoto akiyameza huweza kuota uvimbe tumboni, na Neema analambwa na huyu mbwa usoni kila siku, na mimi naangalia nacheka.

Jioni nimemlaza mwanangu mapajani, nikambonyeza tumbo polepole.

"Mama, unanitekenya!"

Kesho tunakwenda zahanati, hata wakinicheka. Nikaendelea kumtekenya, asijue ninachotafuta.