Beringi ya Mlangoni

Endasak, Jumanne

Na bado nacheka. Mungu atanisamehe kesho, leo aniache.

Tangu masika namfuata yule kijana mtunza stoo wa shamba la ngano, anipe beringi moja tu nifufue mashine yangu kuukuu ya randa. Salamu hanipi. "Hakuna, mzee. Njoo kesho." Na beringi yenyewe naiona palepale chini, imetolewa kwenye kombaini iliyokufa, kaiegemeza mlangoni upepo usiupigize!

Leo kaja kuulizia kitanda cha harusi yake. Aliyekiagiza ni mama yake, kwa hiyo hakujua fundi ni mimi. Aliponiona tu, shikamoo ikamtoka.

"Marahaba." Nikamwonyesha mbao, hazijaguswa. "Mashine haina beringi, mwanangu. Iliyopo inalinda mlango wako."

Jioni kaileta, kaificha ndani ya koti. Imeingia kama imezaliwa humo, na randa sasa inanguruma.

Harusi ni Jumamosi. Nitawahi, mimi najua. Yeye hajui. Aliponiuliza aje lini kukichukua, nilipuliza vumbi mezani, taratibu.

"Njoo kesho."