Namba Nilizonakili Mbele ya Hamisi

Jumanne, baada ya isha

Bila mimi Mtwara hii isingebangua korosho hata moja. Vipuri vya mashine za kubangulia navichonga mimi, na hata ng'ambo ya Kilambo, huko Msumbiji, wananijua kwa jina.

Lakini leo nimeacha chakula mezani nikaja kuandika haya.

Neema, fundi aliyekuja kuibadilishia kompyuta ile mashine yetu kuukuu ya kuchonga chuma, aliniomba ninakili namba zote zilizo kwenye skrini ya zamani. Ndizo zinazoiambia mashine isimame wapi. "Polepole, mjomba. Tatu ukiiandika nane, kichwa cha mashine kitapitiliza na kisu kitaruka."

Nikacheka. "Binti, bomba la gesi la Madimba nililipima kwa macho haya haya!"

Shemeji Hamisi akadakia, "Na bahari uliichimba wewe?" Karakana nzima ikaangua kicheko.

Basi nikaandika haraka haraka, ukurasa mzima. Neema ameshaziingiza kwenye kompyuta mpya. Kesho asubuhi inawashwa, na atakayesimama mbele ya kisu ni Hamisi. Mume wa dada yangu, baba wa watoto wanne. Nikifumba macho naona kile chuma kinamjia kifuani na...

Alhamdulillahi, kompyuta ya zamani haijatupwa, bado inawaka. Nitawahi kabla Hamisi hajafika, nimwombe Neema tuzisome upya. Ataniuliza kwa nini.

Kwa sababu vya karibu sivioni. Miwani nilikuwa nayo mfukoni, ila ni ya mke wangu, ya rangi ya waridi yenye vipepeo, nikaona haya kuivaa.