Kidude cha kwenye friji ya chanjo

Tuhfa, nimechoka mie.

Unakijua kile kidude chenye laini ya simu walichotufungia kwenye friji ya chanjo? Leo niko nje napima watoto, mratibu wa chanjo, Mzee Shaib, akanipigia: "Rahila, friji ina nini?"

Nikamwaga yote. Nisamehe mzee wangu, ni juisi yangu ya ukwaju, nimeiweka ipoe nifuturie, naitoa sasa hivi.





Shoga, mzee akaniuliza: "Juisi? Kidude kinatuma joto tu. Nilitaka kujua kama umeme umekatika."

Joto tu, Tuhfa! Mie nilijua kinaona!

Na umeme ulikuwa umekatika kweli. Chanjo zimesalimika, ila kesho naandika barua ya maelezo kuhusu hiyo juisi.

Kidude hakijanichongea. Nimejichongea mwenyewe, na leo nafuturu kwa maji.