Sala Iliyokosa Amina

Mai Mahiu, 3 Machi 2025

Baba,

Habari za baridi ya Olenguruone? Goti limepona? Sisi tu wazima, ni vumbi la malori tu. Mama anasema tangu Januari hujaongoza sala pale kituo cha maziwa. Ukiombwa, unasingizia koo. Wewe, Baba, uliyekuwa ukiomba mpaka chai ya wageni inapoa? Kuna nini?

Mwanao,
Winrose

Olenguruone, 11 Machi

Mwanangu,

Mvua imeanza, tunashukuru. Goti ni zima, na koo halijawahi kuuma.

Unamjua Kipketer, aliyekuwa akitubebea maziwa kwa pikipiki. Alikuwa akipima ya kila mtu mlangoni, kama yametiwa maji, kabla ya kuyachanganya. Yangu hakupima, kwa heshima ya mzee wa kanisa. Januari ng'ombe mmoja alikauka maziwa. Sikutaka majirani waone mtungi wangu umepungua, nikaongeza maji siku nne. Maziwa yakakataliwa kituoni, akashukiwa Kipketer, akafukuzwa. Asubuhi hiyo niliombwa nifungue mkutano kwa sala. Nikamsihi Mungu amfichue aliyetia maji. Watu waliitikia amina kwa nguvu.

Sasa nikipiga magoti naona ninamdanganya Mungu kwa sauti nzuri. Usimwambie mama yako.

Baba yako

Mai Mahiu, 17 Machi

Baba,

Natumaini mko salama. Nimesoma barua yako mara tatu. Sikuhukumu, nauliza tu. Mungu umemwambia jinsi ulivyoniambia mimi, hata hizo siku nne? Na Kipketer anaishije?

Winrose

Olenguruone, 9 Aprili

Mwanangu,

Tu wazima. Samahani kwa kukawia.

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nasema "makosa yetu", naendelea. Mwisho nilimwambia zizini, kwa maneno machache, lakini sikuweza kumaliza, kwa sababu Kipketer alikuwa bado amekaa nyumbani bila kazi.

Jumatatu nikasimama kituoni nikaomba: "Mungu, yale maji ni yangu. Kipketer hana hatia. Nilikuomba umfichue mkosaji nikijua ni mimi."

Hakuna aliyeitikia. Karani, Linah, akaninong'oneza, "Mzee, si umalizie?" Nikamwambia imeisha.

Uzee wa kanisa nimeurudisha. Mama yako anajua. Kipketer ameitwa tena kazini. Nilimfuata kwake, nikamwuliza kama amenisamehe.

Akasema, "Mzee, sijafika hapo. Niombee nifike."

Ndiyo sala yangu siku hizi. Haizidi dakika moja.

Baba yako