Yule wa Kofia Nyeupe

Papa,

Tangu tulipokuzika, mikanda yako ya filamu ilianza kunuka siki kule chini ya kitanda. Nikaipeleka hifadhi ya filamu ya hapa jijini kabla haijaoza. Nilidhani watanicheka: soko la Bukavu ulilolipiga picha ukiwa kijana lina kazi gani Durban? Wakasema na sisi tuliohamia huku ni historia ya hapa. Wameisafisha na kutoa nakala, na mtafiti yeyote ataweza kuomba kuiona. Ungeringa mwezi mzima, nakujua.

Shida ni kwamba haina sauti. Sauti ilikuwa wewe, ukiwasimulia watu kila ulipoionyesha. Wakaniomba niketi mbele ya picha niseme nani ni nani, wanirekodi.

Tukafika kwa yule wa kofia nyeupe, anayepita na mfuko begani. Papa, umenitesa! Kanisani Glenwood ulimwambia Mama Furaha kwamba ndiye kaka yake aliyepotea vitani, akalia huku anashukuru. Baadaye, kule Pinetown, mtu huyohuyo ukampa mzee mmoja awe mwanawe. Nilipokuuliza ulijibu, "Waache wapate mtu wa kusalimia." Sasa jina linatakiwa kwangu, na watu watalitegemea. Nikisema kweli, Mama Furaha atampoteza kaka yake mara ya pili. Nilishindwa. Nikaomba tuahirishe, nikarudi zangu saluni.

Wiki iliyopita nilimfuata Mama Furaha soko la Warwick, pale anapouza vitenge. Nilimweleza yote nikiangalia chini. Yeye akaendelea kukunja kitambaa chake.

"Nilijuaka haiko kaka yangu," akasema. "Ila anatembea sawa yeye. Papa yako alikuwa anarudisha picha pale pahali, juu ya mimi nimuone tena."

Nililia palepale sokoni, Papa, wateja wakinishangaa. Kumbe ulikuwa unairudisha makusudi; mimi miaka yote ile nilidhani mashine yako ya kuonyeshea ni mbovu.

Jana nimerudi nikarekodi. Nimesema jina lake halijulikani, na kwamba hapa Durban watu wawili waliokuwa wanawatafuta ndugu zao walipewa yeye. Dada wa hifadhi akaniuliza kama kweli hiyo sehemu ya pili ibaki. Ibaki, nikamwambia.

Pumzika, Papa wangu. Siku yoyote Mama Furaha akitaka kumwona, nitafunga saluni nimpeleke. Na kofia nyeupe ikishapita, nitawaomba warudishe.

Binti yako