Petroli Tupu

Zombe,
Jumamosi asubuhi.

Kwa dada yangu Katunge,

Mumbua wangu amemaliza sasa hivi kuinywesha pikipiki uji wake wote. Nilimweka mlangoni na bakuli lake, nikainama kutafuta kalamu, kuinuka naona uji unachuruzika kwa tangi na yeye anaupaka vizuri na kiganja. Nikamuuliza ni nini unafanya mama. Akasema piki iko na njaa. Nimemwosha, nimeiosha, nimecheka peke yangu. Ni mara ya kwanza kucheka wiki hii, kwa hivyo wacha nikuandikie haraka kabla hasira hazijarudi.

Habari za Kibwezi? Watoto wamepona kile kikohozi? Na vitunguu vyenu, mto bado una maji ya kumwagilia? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mkono wa kaka Mulei uliovunjika, ambao habari zake unazo. Goti la mama, Mwaitu wetu, linamsumbua akiamka tu, likishapata jua linatulia. Ndengu zimetoa maua, sasa tunaangalia mawingu.

Katunge, ile sauti uliyotuma kwa simu ya Mwaitu tumeisikia sote. Unajua ile simu iliharibika upande wa sikio, inaongea kwa spika tu, na boma lote linasikiza. Mulei alikuwa ameketi hapo na plasta yake, anakula ndizi, anaitikia kwa kichwa kama mtu aliye kwa mahubiri. Ukasema nimeaibisha familia sokoni. Ukasema mdogo ndiye hushuka, niende nimwombe kaka yangu msamaha. Mwaitu akasema umeongea vizuri. Mimi nikaondoka nikaenda kuchota maji na mitungi ilikuwa imejaa. Dada, hukuniuliza hata swali moja. Ndiyo maana naandika, na barua nampa Sugow, yule wa lori la mbuzi, anapita huko kwenu leo.

Wacha nikueleze kutoka mwanzo. Unamjua Kowsar wa duka la kona. Familia yao iko na ngamia huko mbele, na maziwa lazima yafike Zombe kabla gari la Kitui halijaondoka saa moja asubuhi. Mtu aliyekuwa anayaleta anaacha kazi. Kowsar akaniambia, abaayo, dada yangu, ukipata pikipiki kazi ni yako, kwa sababu wewe huongezi maziwa maji. Nililala na hilo neno kama mtu amelala na mtoto mchanga, naogopa kugeuka. Tangu niache ndoa nirudi nyumbani na Mumbua nimevunja kokoto, nimefulia watu, nimepalilia mashamba ya wengine. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza mtu ameniita kwa jina.

Pikipiki mpya sina uwezo nayo, na ni nzito, ikianguka sitaiinua. Lakini nilikuwa naijua ile ya mzee Mulinge, mwinjilisti, ile nyembamba ya buluu aliyokuwa akiendea makanisa tukiwa wadogo. Alipoanza kutoona vizuri aliiweka kwa ghala la mahindi, na imekaa hapo miaka kumi na mmoja. Nilimpa mbuzi wangu watatu, wale niliokuja nao. Hata chapa imefutika kwa tangi. Lakini niliishika nyuma nikainyanyua peke yangu, na mzee kwa kusikia miguu yangu tu akasema sasa imepata mwenyewe. Alinieleza mambo mengi siku hiyo. Nikaisukuma kutoka kwake hadi nyumbani, Mumbua mgongoni, na vijana wa boda pale steji wananiita. Ati Muthoki, hiyo ni cherehani, utatushonea suruali lini.

Mulei hakucheka. Mulei alitoka akaizunguka mara mbili, akasema ataifufua kwa siku mbili, hakuna injini inayomshinda hapa Zombe. Na mimi, Katunge, nilifurahi. Nilimpikia chapati. Tulifanya kazi pamoja kama zamani. Mimi nilitia kokoto na sabuni ndani ya tangi, nikalitikisa siku nzima mpaka kutu ikatoka nyekundu kama chai ya tangawizi. Yeye akafungua kabureta, akasafisha na waya, akasugua pointi, akabadilisha plagi na tyubu. Jumanne ya wiki iliyopita, jioni, akatia petroli kidogo tu, kifuniko cha chupa, akapiga kiki mara saba. Ikakohoa, ikalia, ikazima. Mwaitu alipiga makofi. Mimi nililia, na Mulei akaniambia niache ujinga, lakini yeye pia alikuwa anafuta macho.

Sasa sikia kilichofuata, kwa sababu hiki hakuna mtu amekuambia. Jumatano asubuhi nilikimbia kwa Kowsar kumwambia imewaka. Akaniangalia kwa huruma. Akasema kwani hamkuongea? Mulei alikuja kwake Jumatatu, siku moja kabla ya injini kuwaka, akamwambia maziwa atayabeba yeye, mwanamke mwenye mtoto atachoka, na mimi atakuwa ananipatia kitu kidogo. Kitu kidogo. Mbuzi wangu. Mikono yangu hii ina kutu mpaka leo kwa kucha. Alikuwa anakula chapati zangu huku kazi yangu ameshaichukua.

Nilirudi nyumbani nikamkuta anajaza tangi kwa mtungi wa lita tano, aende kuijaribu mbali. Nikamuuliza mbele ya Mwaitu kama ni kweli. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kitu kikiingia kwa boma ni cha boma. Wewe ulirudi, Muthoki, hukuletwa hapa." Mwaitu akachukua ungo wake akaingia ndani. Mpaka leo sijui nani aliniumiza zaidi, yule aliyesema au yule aliyeingia ndani.

Mulei akapanda, akaenda. Ilikuwa inalia vizuri, Katunge, sauti nyembamba, safi. Alipita steji akiwapungia mkono. Akamaliza ile barabara ya juu, akageuka, anarudi kwa mteremko wa soko, na hapo injini ikashika, ikakwama. Gurudumu la nyuma likasimama papo hapo kama limefungwa kamba. Akaruka. Nilifika nikikimbia, na ni kweli sikuuliza mkono. Mbele ya watu wote nilimwambia yeye ni mwizi, na Mungu ameona, na pikipiki yangu aniachie. Alikuwa ameketi kwa mchanga ameshika mkono wake wa kulia, uso umekuwa wa majivu. Hiyo ndiyo aibu uliyosikia.

Tangu siku hiyo anasema pikipiki ina laana. Anawaambia watu nilinunua jeneza la magurudumu mawili. Anaulizwa na wateja ni kwa nini injini ilishika, yeye fundi kwa miaka tisa, na anajibu vitu vya wazee havitaki mwanamke. Aliyejaza ni nani? Injini za siku hizi oili yake inakaa chini, petroli inakaa juu, hazikutani. Ile ya mzee Mulinge ni ya zamani, haina mahali pa oili kabisa. Oili unachanganya na petroli ndani ya tangi, ndiyo inalainisha pistoni. Ukiipa petroli tupu inapata joto inajikaanga. Mulei amezaliwa kwa hizi boda, hajawahi kuona nyingine. Kutojua si dhambi. Lakini mtu asiyejua aulize, na yeye hakuuliza, kwa sababu wa kumuuliza alikuwa mimi.

Nimeifufua mwenyewe. Kesho yake baada ya ajali, Alhamisi, niliisukuma tena mpaka kwa mzee Mulinge. Aliketi kwa kiti chake cha jikoni, macho hayaoni, akanitukana kwa Biblia nzima, halafu akaniambia nitoe plagi nimwage dizeli kidogo kwa hilo tundu, niiache siku tatu. Kila asubuhi naweka gia, naisukuma mbele, nairudisha nyuma. Siku ya tatu ikaachilia kidogo, kama jino la mtoto. Nikafungua silinda, yeye ananielekeza kwa mdomo, anapitisha kidole ndani, anasema hapa bado, sugua. Nilisugua na msasa laini mpaka akanyamaza. Ringi za pistoni nilizipata Kitui kwa Mhindi wa spea za zamani, alizitoa kwa kopo lenye vumbi. Jana saa kumi ilikubali kwa kiki ya nne. Ikatoa moshi wa buluu ukajaa jikoni, kuku wakatoka, na mzee akasema hiyo ndiyo harufu yake. Nimeiendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Kowsar amesema Jumatatu nianze, na kama Jumatatu sipo anaita mtu mwingine.

Basi ingetosha hapo, dada, na ungesema Muthoki alikuwa na haki. Ningependa uache kusoma hapo.

Lakini nilijua. Siku ile nilipotoa mbuzi, mzee Mulinge alinipa kikombe kidogo cha bati, akanirudisha mlangoni mara mbili kunikumbusha. Kikombe kimoja cha oili kwa kila lita tano. Alisema bila oili injini itashika. Nilikuwa namngojea Mulei ajaze tangi ndiyo nimwambie, nijivunie kidogo kwamba mimi pia najua kitu. Na ile Jumatano, wakati anamimina, kikombe kilikuwa kwa mfuko wa aproni yangu. Nilikuwa nimekishika. Aliposema sikuletwa hapa, nilikiachilia kikalala kwa mfuko, nikanyamaza. Niliwaza itamzimikia hapo steji, aisukume yeye, aitwe yeye mshona suruali. Sikujua gurudumu linaweza kufunga. Nakuapia kwa huyu mtoto sikujua hilo. Lakini petroli tupu niliiona ikiingia, na mdomo nilikuwa nao.

Mzee Mulinge swali lake la kwanza lilikuwa kikombe kiko wapi. Nikamdanganya nilikipoteza. Ndiyo maana alinitukana hivyo.

Sasa Mulei hawezi kushika spana mpaka plasta itoke, na daktari hakusema vidole vitarudi vyote. Juzi nilimwona nyuma ya ghala anajaribu kufungua kifuniko cha chupa kwa mkono wa kushoto na meno. Nilirudi ndani kabla hajaniona. Hasira zangu bado ziko, usidhani zimeisha. Zile kelele za sokoni sitaziombea msamaha. Alitaka kuninyang'anya, na nitamwambia hivyo hata akiwa na plasta mbili. Lakini hili lingine ni langu, na sitaki alisikie kwa spika. Nitamwambia mwenyewe, leo, kabla hujampigia. Akinifukuza nitakuja kwako na Mumbua, utupe kona tu. Akiivunja pikipiki kabla ya Jumatatu, sijui. Hapo sijafika.

Nisalimie shemeji, na watoto wote mmoja mmoja. Mwambie yule mdogo Mumbua bado analala na ile soksi yake. Mwaitu anasalimu, anasema umletee dawa ya goti ile ya kupaka. Ukijibu, jibu kwa karatasi. Na usinichukie, Katunge, au ukinichukia niandikie tu

Ngoja. Mulei ananiita hapo nje. Amesimama kando ya pikipiki, amefungua tangi kwa mkono wa kushoto na amenusa. Anasema hii si petroli tupu. Anauliza nani aliniambia kuhusu oili, na aliniambia lini. Mumbua amemshika suruali, hamwachilii. Natoka sasa hivi nimwambie kwamba